Nyama za Mtori Hazikai Chini

Barabara ya Morogoro ikifungwa pale Jangwani kwa sababu ya maji, Dar es Salaam hupata likizo ambayo hakuna aliyeitangaza. Mabasi ya mwendokasi yanasimama, bodaboda wanapandisha nauli, na mtu aliyeoga saa kumi na moja alfajiri akavaa viatu vya ngozi anavivua tena, anakaa sebuleni kutazama maji yakizunguka uani kama mwenye nyumba. Siku kama hiyo watu wa mji huu hutoa masweta kabatini. Ndugu zetu wa Njombe na Makete, ambao Julai yao umande huganda juu ya majani, watacheka. Wacheke. Mtu aliyezoea kutokwa jasho akiwa ameketi naye ana baridi yake.

Siku hiyo mimi hupika mtori. Na kwa kuwa mtori hauharakishwi, nikishauteleka hupata saa mbili nzima za kuukasirikia msemo mmoja tunaoupenda mno: kunywa mtori, nyama ziko chini.

Kila mtu ameshaambiwa. Mtumishi anayesubiri kupandishwa daraja huambiwa hivyo na mkuu wake wa idara. Kijana anayejitolea ofisini mwaka wa tatu bila posho huambiwa hivyo na aliyeajiriwa. Wapiga kura ndio usiseme. Ni msemo mtamu, na mara nyingi husemwa na mtu ambaye bakuli lake limeshafika chini siku nyingi. Lakini siasa yake niiache. Kosa lake la kwanza ni la jikoni: mtori ambao nyama zimezama chini haukupikwa vizuri. Ndizi zikiiva na kupondwa inavyotakiwa, ule uzito wake unatosha kuibeba nyama iliyochambuliwa, ikaning'inia humo humo, kijiko cha kwanza kikapata nyama sawa na kijiko cha mwisho. Anayekwambia nyama ziko chini anakiri tu kwamba wageni waliongezeka na mpishi akaongeza maji.

Najua nitapingwa. Kuna migahawa mingi, na baadhi ina wateja wengi kuliko nitakavyowahi kupata wasomaji, inayouza mtori mwepesi wenye mapande mawili ya mfupa yaliyolala kwenye kitako cha bakuli, na chapati pembeni. Ule ni supu ya ndizi. Ni kitu kizuri, hasa asubuhi kwa mtu aliyekesha na anayetaka kutoa loki. Ila tuupe jina lake.

Mtori niliujulia Kibosho, kwenye mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, nikiwa mwalimu kijana. Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu ndizi ni bokoboko la futari lililopikwa kwa tui zito, au mzuzu uliokaangwa, na mvua ya kwetu hunyesha, ikatoka, jua likawaka. Ya Kibosho mwezi wa Aprili haikuwa na adabu hiyo. Ilianza usiku, na asubuhi ikageuka ukungu unaoingia darasani kwa dirishani kama mwanafunzi aliyechelewa. Chaki zililowa unyevu zikakataa kuandika. Sare za watoto hazikukauka kwa jua, zilikaushwa juu ya moshi wa jikoni, kwa hiyo darasa zima lilinukia kuni kuanzia Machi hadi Juni.

Bibi mwenye nyumba niliyopanga alinionea huruma wiki ya pili, aliponikuta nakunywa chai ya rangi kwa mkate mkavu nikiwa nimejifunika blanketi. Akaniita jikoni kwake. Jiko lilikuwa banda la mbao lenye mafiga matatu, na kuni za mgrevilea uliopogolewa kihambani. Nje, kihamba chenyewe: migomba juu ya mibuni, miti ya kivuli juu ya migomba, na ng'ombe mmoja wa maziwa bandani anayelishwa majani na vigogo vya migomba hiyo hiyo, samadi yake ikirudi shambani. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo huo wa kihamba, pale Shimbwe Juu, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wa dunia. Bibi hakuwa na habari ya urithi. Yeye alikuwa na nyama ya bucha, kilo moja ya mbavu na shingo, na mkungu wa ndizi ulioegemezwa mlangoni.

Aliiweka nyama kwenye maji ya baridi, na chumvi na kitunguu kilichokatwa mara mbili tu. Maji yalipoanza kuchemka alivuta kuni mbili nje, moto ukabaki wa kunong'ona. Mimi nilishika mwiko nikaanza kukoroga, kwa sababu mgeni asiye na kazi jikoni huona aibu.

"Mwalimu," akasema, "hiyo nyama imekukosea nini?"

Nikauweka mwiko chini. "Tunasubiri nini, Bibi?"

"Tunasubiri mfupa ukubali."

Tulisubiri saa mbili na zaidi. Sikujua wakati ule, lakini mlima wenyewe ulikuwa unatucheleweshea. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi, siyo 100, kwa hiyo nyama ya Kibosho huhitaji muda mrefu kuliko nyama ya Kariakoo hata kama imetoka kwa ng'ombe mmoja. Wapishi wa milimani hawajawahi kuhitaji kipimajoto kuligundua hilo. Walijifunza kuvumilia sufuria.

Kukubali kwa mfupa nako kuna maelezo yake. Mbavu, shingo, kidari na goti ni viungo vilivyofanya kazi maisha yote ya mnyama, kwa hiyo vimejaa zile nyuzi nyeupe ngumu zinazofunga misuli, zenye kolajeni. Zikipata joto la taratibu kwa saa kadhaa, kolajeni hugeuka jelatini, na jelatini ndiyo inayofanya mchuzi unate midomoni. Ukichemsha kwa fujo, misuli yenyewe hukaza na kukauka kabla nyuzi hazijalainika. Ukinunua steki, hizo nyuzi ni chache, kwa hiyo hata ukisubiri mpaka kesho hupati kitu zaidi ya nyama iliyofubaa ndani ya maji ya moto. Dar es Salaam mtu akipata hela kidogo huacha kununua mchanganyiko wenye mifupa na kuhamia steki kama dalili ya kufanikiwa. Kwa mishikaki, sawa. Kwa mtori ni kulipa zaidi ili upate pungufu. Mwambie muuza bucha akukatie mbavu na shingo, na kama ana kipande cha kongoro, mwongezee kidogo akuwekee.

Sasa ndizi, ambazo ndizo zenye mambo.

Ndizi ya mtori ni mshare, wengine huiita mchare au mshale: ndefu kiasi, nyembamba, imenyooka kuliko nyingine, ganda la kijani lisilong'ara sana. Hapa mjini nazifuata Mabibo, kwenye soko ambalo watu wamelibatiza Mahakama ya Ndizi, na jina linastahili kwa namna muuzaji anavyoapa. Atakuapia kwamba kila ndizi iliyo mbele yake ni mshare wa Moshi uliokatwa jana. Usibishane naye. Vunja moja. Ikivunjika kwa mlio, ikatoa utomvu, ya leo au ya jana hiyo. Kama inapinda kwanza ndipo ivunjike, imeshakaa. Na kama shingoni imeanza kupata manjano, wanga umeshaanza kuwa sukari na mtori wake utakuwa na ladha ya uji wa mtoto. Ndizi za Bukoba zinafaa pia, mtori wake huwa laini zaidi na mwepesi kushikana. Mzuzu usiuguse kwa kazi hii.

Nimepata kusoma kuhusu nasaba ya mshare na nikaanza kuumenya kwa heshima. Ndizi nyingi tunazokula duniani zina seti tatu za kromosomu. Mshare una mbili, na haupatikani kwa wingi popote isipokuwa huku kwetu Afrika Mashariki. Jamaa yake wa karibu, mlali wa visiwa vya Bahari ya Hindi, ametajwa na watafiti wa vinasaba kuwa mmoja wa wazazi wa Cavendish, ile ndizi ya njano inayojaa maduka ya Ulaya na Marekani. Pamoja na ukoo wote huo, mshare unaugua. Ugonjwa wa mnyauko unaoletwa na kuvu wa fuzari hukaa udongoni kwa miaka mingi na huua mgomba kuanzia kwenye mizizi, na mshare hauna kinga. Arusha kuna watafiti wanaojaribu kuzalisha mshare utakaouhimili. Ni kazi ngumu, maana ndizi za kula hazina mbegu za kupanda kama mahindi. Nawaombea.

Kumenya: paka mikono mafuta kwanza. Utomvu wa ndizi mbichi huacha weusi kwenye vidole kwa siku mbili na kwenye nguo maisha yote. Nina shati la kitenge lenye ushahidi. Tia kila ndizi iliyomenywa kwenye bakuli la maji yenye limau, la sivyo itakuwa nyeusi kabla hujamaliza ya tatu. Kwa kilo moja ya nyama mimi hutumia ndizi kumi na tano za wastani, na maji ya kuanzia lita tatu, ambayo nyama ikiiva yatakuwa yamebaki mbili hivi. Wanakula watu sita, au wanne walionyeshewa.

Mfupa ukishakubali, nyama inatolewa, inachambuliwa kwa mkono, mifupa inarudishwa sufuriani. Ndizi zinakatwa vipande vya inchi moja na kuingia kwenye mchuzi ule, pamoja na kitunguu kingine, nyanya mbili na karoti kama unayo. Dakika arobaini. Hapo mifupa inaondolewa kabisa, na mtori unapondwa humo humo kwa mwiko ukiuminya kwenye ubavu wa sufuria, au kwa kipekecho kama unacho. Unaponda mpaka robo hivi ya ndizi zibaki kuwa vinundu vidogo. Nyama inarudi mwisho, ndimu inakamuliwa, sufuria inafunikwa na kuachwa pembeni dakika kumi. Katika dakika hizo kumi ndipo uzito wake unapatikana, na hapo ndipo wenye haraka hupakua.

Kuhusu blenda sitakuwa na upole. Kuna hoteli moja ya mjini niliketishwa kwenye kitambaa cheupe nikaletewa mtori laini kama rangi ya ukuta, wa kijani kilichofifia, na jani moja la giligilani juu yake likielea kama boti iliyopotea. Ulivutika kwenye kijiko. Wanga wa ndizi ya moto ukikatwakatwa kwa kisu cha mashine kwa kasi ile, chembe zake hupasuka zote na kugeuka gundi. Mwiko huponda bila kupasua kiasi hicho. Mhudumu aliponiuliza kama nimeupenda nikamwambia mdogo wangu, mwambie mpishi mashine aiachie juisi.

Viungo vya pakiti navyo ni yale yale. Mtu amechemsha mbavu kwa saa mbili, amepata mchuzi wenye utamu wake wote, kisha anaufunika kwa kijiko kikubwa cha unga wa manjano wenye chumvi. Pilipili kichaa mbichi, iliyopasuliwa na kuelea, inatosha. Ndugu zangu wa pwani wanaotia nazi siwagombezi, nimezaliwa huko, lakini tui na ile jelatini ya mfupa ni mafahari wawili katika zizi moja.

Hata hivyo haraka ya watu wa mjini haitokani na uvivu, na hapa nawatetea dhidi ya bibi zao. Inatokana na nishati. Nyumba nyingi za Dar zina mtungi wa gesi wa kilo 6 na jiko la mkaa ukutani. Gesi ni ya chai, mayai na kupasha kiporo. Maharage, makande, kongoro na mtori hupelekwa kwenye mkaa, kwa sababu hakuna anayetaka kuona mtungi ukiishia kwenye mbavu za ng'ombe tarehe 20. Mvua ikinyesha, mkaa unalowa na jiko haliwezi kukaa uani. Likiingizwa ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, hewa yake inaua, na imeshaua. Ndiyo maana siku hasa ya mtori ndiyo siku mtori unapokuwa mgumu kupikika.

Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Naunga mkono, nimevuta moshi wa kutosha. Ila kwenye maonyesho ya majiko niliyowahi kuyahudhuria, kilichopikwa mbele za watu kilikuwa mayai na chipsi. Mama anayetazama hana shida na mayai. Anataka kuonyeshwa kilo moja ya shingo na nusu kilo ya maharage vikiiva mbele yake, na aambiwe ni shilingi ngapi zimeondoka kwenye luku. Mkaa unatawala kwa sababu ya vyakula vya saa tatu. Jiko likivimudu hivyo, wengi watahama bila kuhubiriwa.

Mimi nimeshahama nusu. Nyama yangu ya mtori sasa huiva kwenye jiko la presha la umeme kwa chini ya saa moja. Mvuke uliobanwa humo hupandisha joto la maji kupita nyuzi 110, kinyume kabisa na kilichotokea jikoni kwa Bibi. Nilikuwa nasitasita, nikidhani mfupa utalazimishwa badala ya kukubali. Nikaonja, mchuzi ulinata midomoni vilevile. Lakini ndizi sizifungii humo. Ndizi huiva kwenye sufuria ya wazi, kwa gesi, nikiziona, maana dakika tano zikizidi hakuna kinundu kitakachobaki.

Uchaggani mtori una kazi nyingine inayojulikana nchi nzima: ni chakula cha mzazi. Mwanamke aliyejifungua hupikiwa mtori siku baada ya siku, mwepesi kidogo, bila pilipili, apate nguvu na maziwa. Nenda wodi ya wazazi ya hospitali yoyote saa ya kuona wagonjwa, utawaona mabibi na mashemeji kwenye benchi na chupa za chai mapajani. Zile chupa hazina chai. Nami nimewahi kubeba moja, mvua ikininyeshea mgongoni, nikaambiwa na shangazi wa mtoto kwamba mwanamume kapika mtori mzito hivi utadhani anazibia ufa. Alikuwa sahihi kwa siku ile.

Kutokana na kazi hiyo, na ile ya walevi wa asubuhi, mtori umepewa sifa ya kuwa chakula cha watu wasiojiweza. Mwanamume mzima akiagiza mtori mchana huulizwa anaumwa nini. Huo ni uonevu. Katika nyanda hizi za ziwa na milima watu wana vyakula vya namna hiyo na wanavila wakiwa wazima kabisa: Waganda huanza siku kwa katogo, Wanyarwanda wana agatogo yao, na Wachagga wenyewe wana machalari na kiburu mezani siku za kawaida. Chakula chenye mfupa, ndizi na moto kilibuniwa na watu waliokuwa wakipanda mteremko wenye matope na mzigo kichwani. Wewe uliyetoka Mbezi hadi Posta kwa saa tatu umesimama kwenye daladala linalovuja, ukiwa umelowa hadi soksi, unastahili bakuli moja bila kuulizwa hali.

Ukibaki, na huwa unabaki, usiutupe. Mtori ukilala huganda kwa ile jelatini, asubuhi unaweza kuukata kwa kisu. Ongeza kikombe cha maji ya moto, siyo ya baridi, tumia moto mdogo, na koroga kwa kukwangua kitako cha sufuria mfululizo, maana kinachokaa chini ya mtori ni ukoko tu.